Chaja, Chungu na Uniti 75: Kampeni za Kuokoa Nishati Zinatuomba Nini Hasa?

Mtu akiulizwa anafanya nini nyumbani kwake ili kuokoa nishati, mara nyingi atajibu kwamba huchomoa chaja ya simu ukutani, au huzima taa kila anapotoka chumbani. Majibu hayo tumefundishwa. Yamerudiwa redioni, kwenye mabango na kwenye vipeperushi vya mashirika ya umeme kwa miaka mingi kiasi kwamba yamekuwa kama methali, na hakuna anayepata hasara kwa kuyafuata. Kasoro yake iko kwenye uzito, na uzito ni jambo linaloweza kuhesabiwa hata na mtu asiyejua fizikia.

Betri ya simu ya kawaida ya siku hizi hubeba takriban wati-saa 15. Tukiongeza nishati inayopotea njiani kama joto, tuseme kwamba kuijaza mara moja huchota wati-saa 20 kutoka ukutani. Uniti moja ya umeme ni wati-saa 1,000, hivyo anayeijaza simu yake kila usiku kwa mwaka mzima atakuwa ametumia uniti saba na ushei. Sasa tuweke mkaa upande wa pili wa mizani. Kilo moja ya mkaa mkavu hubeba joto la karibu megajuli 29, yaani sawa na uniti nane za umeme. Kwa maneno mengine, simu inayochajiwa mwaka mzima haimalizi nishati iliyomo katika kilo moja ya mkaa, kilo ambayo jiko lenye chungu cha maharage linaweza kuila kwa jioni moja. Na kilo hiyo yenyewe ilikuwa kubwa zaidi kabla ya kufika sokoni, kwa sababu tanuri la udongo la kienyeji hurudisha kiasi cha asilimia 10 hadi 20 tu ya uzito wa mti uliopangwa ndani yake. Nyuma ya kila kilo ya mkaa kuna kilo tano hadi kumi za mti.

Kwa nini basi kampeni ishike chaja na kuacha chungu? Sehemu ya jibu ni kwamba ujumbe mwingi wa aina hii ulitungwa katika nchi ambazo moshi ulishatoka jikoni zamani, na ambako nishati ya nyumbani huishia kwenye kupasha joto vyumba, kupoza hewa na kuendesha mashine. Huko ujumbe huo una mantiki. Japani ilipoanzisha kampeni ya Cool Biz mwaka 2005, iliwaomba wafanyakazi wa ofisini wavue tai na koti ili viyoyozi viachwe kwenye nyuzijoto 28 wakati wa kiangazi. Tai ilikuwa ni sehemu halisi ya tatizo, kwa kuwa ndiyo iliyomfanya mtu aone joto ofisini na kutaka chumba kipozwe zaidi. Baada ya tetemeko na tsunami ya Machi 2011, mitambo ya nyuklia iliposimama, wananchi waliombwa tena wabane matumizi, lakini watumiaji wakubwa wa umeme katika maeneo ya Tokyo na Tohoku hawakuombwa. Waliamriwa kisheria kupunguza asilimia 15 katika saa za matumizi makubwa. Watu husimulia habari za Wajapani na nidhamu yao, wakasahau kuisimulia amri hiyo.

Lile tukio la kuzima taa kwa saa moja lililoanzia Sydney mwaka 2007 nalo lina maana yake pale lilipozaliwa. Likiletwa Dar es Salaam katika mwezi wa mgao wa umeme, huwa ni dhihaka.

Nisiionee balbu, hata hivyo. Taa ya nyumba moja ni kitu kidogo, lakini taa za nyumba zote huwaka kwa wakati mmoja, kati ya saa moja na saa nne usiku, wakati ambao mitambo ya umeme huwa inahemewa. Ndiyo maana Uganda, baada ya ukame wa katikati ya miaka ya 2000 kupunguza maji ya Ziwa Victoria na kudhoofisha mabwawa ya Jinja, iligawa balbu za kubana matumizi takriban 800,000 mwaka 2007. Kampeni ile ililenga saa fulani ya jioni na mtambo fulani uliozidiwa, na balbu zilifungwa kwenye nyumba za watu badala ya kuelezwa kwenye mabango. Leo balbu za kubana matumizi zimejaa kila duka, na kazi hiyo kwa sehemu kubwa imekwisha kufanyika.

Kazi iliyobaki iko jikoni. Tanzania bado ni nchi ambayo takriban kaya nane katika kila kumi hupikia kuni au mkaa. Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Kitaifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, wenye lengo la kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ifikapo mwaka 2034, na siku chache baadaye, tarehe 14 Mei, alikuwa mmoja wa wenyeviti wenza wa mkutano wa Paris ulioandaliwa na Shirika la Kimataifa la Nishati, ambako ziliahidiwa dola bilioni 2.2 kwa ajili ya Afrika. Hoja ya afya ndiyo iliyotangulizwa, na ni ya haki: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na wengi wao hawakuwahi kuambiwa kwamba moshi wa jiko ni ugonjwa.

Hapo ndipo fundo lenyewe linapoanza, kwa kuwa kampeni mbili zinakutana ndani ya nyumba moja na kila moja inavuta upande wake. Ya kwanza, ambayo ndiyo kongwe, humwambia mama mwenye nyumba atumie umeme kidogo. Ya pili humwambia apikie umeme, ama gesi, aache mkaa. Zote mbili hujiita za kuokoa nishati na kutunza mazingira. Tukizipima kwa mizani ya mkaa na chaja, ya pili ndiyo yenye uzito, kwa maana nyumba inayohamisha chungu cha maharage kutoka jiko la mkaa kwenda kwenye jiko la umeme la presha itaona mita yake ikikimbia zaidi, ilhali nishati yote inayotumika, ukihesabu tangu mti ulipoangushwa, imeshuka kwa kiasi kikubwa. Kuokoa nishati, kwa kaya ya namna hii, ni kutumia umeme mwingi zaidi. Sentensi hiyo ni ngumu kuiandika kwenye bango, nadhani ndiyo sababu haiandikwi.

Mazingira ya uzalishaji nayo yamegeuka. Mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 nchi ilikuwa kwenye mgao, na kubana umeme kulikuwa ni ujirani mwema. Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji ukawashwa. Bwawa hilo lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115, uwezo ambao peke yake unazidi kilele cha mahitaji ya nchi nzima kama kilivyokuwa wakati lilipowashwa. Machi mwaka huohuo baadhi ya vituo vya umeme wa maji vilizimwa kwa muda kwa sababu umeme ulikuwa umezidi mahitaji. Katika kipindi cha wiki chache tu ujumbe sahihi kwa mwananchi ulikuwa umebadilika, lakini vipeperushi havibadiliki kwa wiki chache.

Bei nazo hazikubadilika, na bei ndiyo kampeni ambayo watu huisikia kila siku. Kwa viwango vilivyotumika tangu 2016, mteja wa nyumbani wa kundi dogo, lile la D1, hulipa shilingi 100 kwa uniti moja hadi uniti 75 kwa mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti inayozidi hapo. Anayezidi mara kwa mara huhamishiwa kundi la T1, ambako kila uniti, kuanzia ya kwanza, ni shilingi 292. Ukiongeza kodi na tozo, shilingi 100 inakuwa 122, 350 inakuwa 427, na 292 inakuwa 356. Mpango huu ulitungwa kwa nia njema ya kumlinda maskini, na kwa muda mrefu umemlinda kweli.

Tuifuate sasa nyumba moja ya kupanga yenye taa, televisheni na friji ndogo, inayotumia uniti 70 kwa mwezi. Bili yake ni shilingi 8,540. Mwenye nyumba hiyo anaisikia kampeni, ananunua jiko la presha la umeme, na kupika humo kila siku kwa uniti moja, yaani uniti 30 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza, akiwa bado D1, analipa shilingi 19,825 kwa uniti 100. Akishahamishwa kwenda T1, uniti zilezile 100 zinakuwa shilingi 35,600. Ukichukua ongezeko lote la shilingi 27,060 na kuligawa kwa zile uniti 30 za kupikia, kila uniti ya chungu imemgharimu shilingi 900 na kidogo, ingawa hakuna karatasi yoyote yenye bei hiyo.

Jambo la kusikitisha ni kwamba hesabu ya chungu kimoja bado inaupendelea umeme. Jiko la presha la wati 1,000, hata likiwaka mfululizo kwa nusu saa nzima, halivuki nusu ya uniti. Mara nyingi hutumia pungufu, maana likishajenga presha huzima na kuwaka lenyewe. Kwa bei ya T1 nusu uniti ni shilingi 178. Maharage yaleyale juu ya jiko la mkaa huhitaji saa mbili au tatu, na mkaa wa shilingi 1,000, ule unaoitwa «mkaa wa buku», unaweza usitoshe. Anayeangalia chungu anashinda. Anayeangalia mita, au anayeangalia namna elfu kumi za LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, zilivyokuwa zikimaliza mwezi na sasa zinaisha kabla ya mwezi kufika nusu, anaona ameshindwa. Binadamu huitazama mita zaidi, kwa sababu mita ina namba, na chungu hakina.

Mkaa una faida nyingine ambayo waandaaji wa kampeni, watu wanaolipwa mshahara kwa mwezi, hawaioni kwa urahisi. Unauzwa kwa kipimo cha mfuko wa siku. Kuna gunia, kuna debe, kuna sado, na kuna kopo, na muuzaji yuko mlangoni saa kumi na mbili jioni, wakati hasa ambao mwenye kibarua anarudi na pesa ya siku hiyo. Gesi inataka mtu awe na fedha ya mtungi mzima kwa mkupuo. Serikali, kupitia Wakala wa Nishati Vijijini, imekuwa ikiuza mitungi ya kilo 6 kwa ruzuku ya nusu bei, na wanasiasa wamegawa mingine bure kwa mbwembwe na picha nyingi. Mtungi wa kwanza hauna shida. Shida iko kwenye kuujaza mara ya pili, maana anayeishi kwa kutwa hawezi kuzitenga shilingi zaidi ya elfu ishirini zikalala ndani ya chuma. Nimeona nyumba ambamo mtungi wa msaada umesimama kando ya mlango, umetandikwa kitambaa, na juu yake imewekwa redio.

Waliolielewa jambo hili mapema ni wale walioanza kuuza gesi kwa mita, mteja akilipia kwa simu kiasi alicho nacho, hata kama ni cha chai ya asubuhi tu. KopaGas ilianza biashara ya namna hiyo Dar es Salaam, na teknolojia yake ikanunuliwa mwaka 2020 na kampuni ya Circle Gas. Hawakuwa na ujumbe wowote mpya kuhusu misitu. Walichofanya ni kuikata gesi vipande vya ukubwa wa kopo.

Kenya inatupa somo la kinyume. Mwaka 2016 iliiondolea gesi ya kupikia kodi ya ongezeko la thamani, na matumizi yakapanda. Julai 2021 kodi ya asilimia 16 ikarudishwa, bei zikaruka, mwaka uliofuata ikapunguzwa hadi asilimia 8, kisha mwaka 2023 ikaondolewa tena. Katika kipindi hichohicho kampeni za kuhimiza gesi hazikukoma, na shirika la umeme lilikuwa na kampeni yake ya «Pika na Power». Hebu fikiri uko katika viatu vya mama wa Kawangware, Nairobi, aliyehama mkaa 2019, akarudishwa na bei 2021, kisha akaambiwa 2023 ahame tena. Mara ya pili atahama taratibu zaidi, na jiko lake la mkaa hatalitoa kwa mtu.

Wapo wanaosema dawa ni sheria, na husaidiwa na mfano wa mifuko ya plastiki. Kwa kweli ni mfano wenye nguvu. Rwanda ilipiga marufuku mwaka 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017 kwa adhabu iliyoweza kufika kifungo cha miaka minne au faini ya shilingi milioni 4 za Kenya, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, ambapo hata mtu aliyekutwa ameubeba tu mfuko wa rambo aliweza kutozwa shilingi 30,000. Ndani ya wiki chache rambo zilitoweka sokoni. Lakini angalia kilichokuwa tayari siku ile: kikapu kilikuwepo tangu enzi za mabibi, mifuko mbadala ilikuwa imeshaanza kushonwa, na kila muuza nyanya angeweza kukuuzia mmoja kwa sarafu chache. Pale ambapo mbadala haukuwepo, yaani kwenye karanga za kupima, ubuyu na barafu, vifuko vyepesi vinavyoonyesha kilichomo ndani vilipenya tena na kugeuzwa vibebeo.

Mwaka 2006 Tanzania iliwahi kujaribu marufuku ya ghafla ya biashara ya mkaa. Jiji la Dar es Salaam, lenye watu mamilioni, halikuwa na kitu kingine cha kutosha cha kupikia, bei zikapaa, na marufuku ikaondolewa baada ya muda mfupi. Tukumbuke pia kwamba mkaa ni ajira: Benki ya Dunia mwaka 2009 ilikadiria kwamba biashara hiyo nchini Tanzania ilizungusha dola milioni 650 kwa mwaka, nyingi zikipita mikononi mwa wachomaji, wasafirishaji na wauzaji wa rejareja ambao hawajawahi kuonekana katika daftari lolote la kodi. Sheria ya mifuko ilifunga mlango mmoja huku mwingine ukiwa wazi. Sheria ya mkaa ya 2006 ilifunga mlango wa pekee.

Agizo la karibuni la serikali limekwepa kosa hilo kwa kiasi fulani, kwa kuanza na walio wakubwa: shule, magereza, vyuo na kambi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ndizo zilizotakiwa kuachana na kuni na mkaa kuanzia mwaka 2024. Taasisi ina bajeti, ina mhasibu, na inaweza kununua gesi kwa tangi. Kuibana yenyewe kabla ya kumbana mama ntilie ni busara, ingawa shule ya kijijini inayopikia kuni zinazoletwa na wazazi kama mchango itauliza, na ina haki ya kuuliza, fedha ya gesi itatoka kwenye fungu gani.

Mafanikio makubwa kuliko yote ya eneo letu, yaani jiko la mkaa lililoboreshwa la Kenya, yalipatikana bila kelele nyingi. Mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu nishati mpya na jadidifu ulifanyika Nairobi Agosti 1981, na katika miaka iliyofuata mafundi na wabunifu wa Kenya, akiwemo Maxwell Kinyanjui, walilichukua jiko la ndoo la Thailand na kulitengeneza upya pamoja na wafua bati. Miundo ya mwanzo ilipasuka udongo. Umbo lililodumu ni lile la kiuno chembamba, bati likiwa limepanuka juu na chini, na kauri ikikaa sehemu ya juu tu, mahali penye moto. Jiko hilo huokoa kati ya theluthi na nusu ya mkaa. Halikutolewa bure. Wafua bati walelewale waliokuwa wakitengeneza majiko ya zamani ndio walioligonga, na mnunuzi aliliamini kwa kuwa kopo la mkaa lililokuwa likiisha kwa siku moja sasa lilifika kesho yake mchana. Mtu hahitaji semina kuliona hilo. Anapouliza jirani jiko lile limetoka wapi, kampeni imekwisha kufanyika.

Nyumba nyingi, hata zikiwa na gesi na jiko la presha, hazitaacha mkaa kwa siku moja, wala si lazima tuwacheke wenye majiko matatu. Hata hivyo, mgawanyo uliozoeleka umekaa kichwa chini. Gesi, kwa kuwa inaonekana ni ya thamani, hutunzwa kwa ajili ya chai, mayai na kupasha moto kiporo, kazi za dakika kumi, na maharage, makande, kunde na supu ya kongoro hupelekwa kwenye mkaa kwa sababu «vinakula gesi». Vyakula hivyo ndivyo vinavyokula kila kitu, na ndivyo ambavyo jiko la presha huvimaliza kwa sehemu ndogo ya muda. Kwa hiyo anayetaka kuhama kidogo kidogo na ahamishe kwanza vyakula vya saa mbili. Ayaloweke maharage usiku, maana hilo peke yake hupunguza muda wa moto kwa kiasi kikubwa. Afunike sufuria. Kama hana umeme, achemshe hadi yachemke barabara kisha aizike sufuria katika kikapu kilichotandikwa blanketi kuukuu, iive kwa joto lake yenyewe. Chapati na samaki wa kukaanga vinaweza kubaki kwenye mkaa hadi mwisho, na wale wanaopanga bei za umeme waendelee kujiuliza kama ile uniti ya 76 inayopikia maharage inastahili bei ileile ya uniti ya 76 inayopoza chumba cha mtu mwenye viyoyozi vitatu.